Leseni ya Fundi Umeme Texas: Kuhesabu Saa, Kuipata na Kuilinda

Mtu aliyesomea umeme VETA, vyuo vya ufundi vya Tanzania, au aliyekuwa akifunga umeme Mombasa kwa leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akifika Houston au Dallas huuliza kwanza mtihani ni mgumu kiasi gani. Swali lenyewe si baya, ila linaanzia mwisho wa safari. Mtihani wa Texas ukikushinda utaurudia, lakini saa za kazi zisizo na sahihi ya fundi mkuu zimepotea, hata kama nyumba uliyoifunga inawaka taa mpaka leo. Kwa hiyo mwongozo huu utazungumzia makaratasi mapema na kwa kirefu, kisha mambo ya waya, kisha mtihani, na mwishowe namna ya kuizuia leseni isikuponyoke baada ya kuipata.

Ni vema kuelewa kwanza leseni hii inatoka wapi. Marekani haina leseni ya taifa ya ufundi umeme. Kila jimbo lina utaratibu wake, na majimbo kama Illinois, Pennsylvania na New York hayatoi leseni ya jimbo kwa mafundi umeme, bali yameliacha jambo hilo mikononi mwa miji na kaunti. Texas nayo ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi: fundi wa San Antonio alikuwa mgeni Austin. Mwaka 2003 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya usalama na leseni za umeme, ambayo leo ni sura ya 1305 ya sheria za jimbo kuhusu kazi na taaluma, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2004 ikawa lazima mtu awe na leseni ya jimbo ili afanye kazi ya umeme. Msimamizi ni idara ya leseni iliyoko Austin, ambayo kila mtu huiita kwa herufi zake, TDLR. Miji haijaondoka kabisa katika jambo hili, kwa kuwa ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi na kutuma wakaguzi. Hata hivyo, leseni ya mtu hutolewa na jimbo.

Leseni hiyo ina ngazi. Ya chini ni ya mwanagenzi, ambayo kwenye fomu utaiona kwa jina la Apprentice Electrician. Inafuata ya fundi wa nyumba za kuishi, Residential Wireman, anayehitaji saa 4,000 za kazi na ambaye mipaka yake ni makazi tu. Kisha ipo ya fundi kamili, Journeyman Electrician, ambaye katika mwongozo huu nitamwita jenimani. Yeye anahitaji saa 8,000. Juu yake yupo fundi mkuu, yaani masta, mwenye saa 12,000 na ambaye amekaa na leseni ya jenimani kwa muda usiopungua miaka miwili. Leseni ya mkandarasi wa umeme si ngazi ya tano, ni leseni ya biashara, na kuichanganya na zile nyingine kumewaingiza ndugu zetu wengi matatani. Nitairudia baadaye.

Saa 8,000 ni kazi ya takriban miaka minne kwa mtu anayefanya saa arobaini kwa wiki. Hapa ndipo wengi waliokuwa mafundi nyumbani hukata tamaa, na siwalaumu. Mtu ana leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, ana miaka kumi ya kazi, amefunga hoteli nzima, halafu anaambiwa aanze kubeba ngazi na kufagia saiti kama kijana wa miaka kumi na minane. Lakini sheria ya Texas inazungumzia saa zilizofanywa chini ya usimamizi wa masta, na makubaliano ya kutambuliana leseni ambayo jimbo limeyafunga ni na majimbo mengine ya Marekani, kama Arkansas na New Mexico kwa leseni ya jenimani. Hakuna makubaliano ya namna hiyo na Kenya, Tanzania wala Kongo. Vyeti vyako vya nyumbani vitakusaidia sana mbele ya mwajiri, ambaye akikuona unashika koleo vizuri atakupandisha mshahara mapema, kwa hiyo usiviache kwenye sanduku. Ila usijenge mpango wako wa miaka juu ya saa za nyumbani. Anza kuhesabu siku ya kwanza ya kazi ya hapa, na chochote cha zamani kikikubaliwa kiwe ni nyongeza.

Siku ya kwanza na leseni ya mwanagenzi

Leseni ya mwanagenzi ndiyo rahisi kuliko zote. Umri wa chini ni miaka 16, ada ni dola 20, maombi yanafanywa mtandaoni na hakuna mtihani. Kwa sababu ya urahisi huo watu huichelewesha, wakidhani ni karatasi ya watoto. Ni kosa. Mtu anayegusa waya kwenye saiti bila leseni yoyote anavunja sheria, na mwajiri wake pia, na saa anazozifanya katika hali hiyo hana njia safi ya kuzidai. Omba leseni hiyo kabla ya kuanza kazi, hata kama mwajiri anasema ataishughulikia wiki ijayo.

Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho kwenye chumba cha mtihani miaka minne baadaye. Hili linawahusu hasa waliopitia kambi za wakimbizi. Nawafahamu watu waliotoka Nyarugusu ambao karatasi zao za safari zina majina mawili, leseni ya udereva ina matatu, na kadi ya kazi imegeuza jina la ukoo kuwa la kwanza. Sahihisha mapema, wakati jambo bado ni dogo, kwa sababu saa zitaandikwa kwa jina ulilolitumia kuombea leseni.

TDLR huangalia kumbukumbu za jinai za kila mwombaji. Kosa la zamani halimfungii mtu mlango moja kwa moja. Huangaliwa aina ya kosa, muda uliopita na uhusiano wake na kazi. Mwenye wasiwasi anaweza kuiomba idara, kwa ada, barua ya tathmini ya kumbukumbu zake kabla hajapoteza miaka kwenye mafunzo. Kuficha ni kubaya zaidi kuliko kosa lenyewe.

Kuna njia kuu mbili za kupata saa. Ya kwanza ni programu rasmi ya uanagenzi, inayoendeshwa na chama cha wafanyakazi cha IBEW pamoja na waajiri wake (tawi la 716 kwa Houston, tawi la 20 kwa Dallas na Fort Worth) au na jumuiya ya wakandarasi wasio na chama, IEC. Humo utafanya kazi mchana na kuingia darasani kwa ratiba maalumu, na mshahara hupanda kwa hatua zinazojulikana. Chama cha IBEW hutaka cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na hukupa jaribio la aljebra na ufahamu wa kusoma. Njia ya pili ni kuajiriwa tu na kampuni ya umeme na kujifunza saiti. Mwenye familia ya kulisha mara nyingi huanzia njia ya pili kwa sababu kazi hupatikana upesi. Mimi nilipita hiyo na sikujuta, ingawa hesabu za mtihani zilinitesa kuliko zilivyowatesa waliokaa darasani.

Daftari la saa

Kuanzia mwaka wangu wa pili nilifanya kazi kwa miezi kumi na minne kwenye kampuni moja ndogo, darini mwezi wa Agosti na chini ya sakafu mwezi wa Januari. Masta wa kampuni hiyo alikuwa mtu mwema. Kila nilipomwomba anisainie fomu ya uthibitisho wa uzoefu alisema hakuna haraka, nitakuja nimtafute nikikaribia mtihani. Nilipokaribia, kampuni ilikuwa imefungwa, simu haipokelewi, na barua zangu zilirudi na muhuri wa posta. Saa 2,300 hivi zilibaki kichwani mwangu na kwenye mgongo wangu, lakini si kwenye karatasi. Baadaye nilimpata kwa msaada wa jamaa aliyewahi kufanya naye kazi, akasaini, lakini miezi mitano ilikuwa imepita nikisubiri.

Fomu hiyo ya uthibitisho hujazwa na masta aliyekusimamia, akiandika namba ya leseni yake, muda uliofanya kazi na idadi ya saa. Kila masta anathibitisha saa alizosimamia yeye tu. Wa kampuni ya tatu hawezi kusainia za kampuni ya kwanza. Desturi niliyojiwekea tangu wakati ule ni kuomba sahihi kila ninapoondoka kwenye kampuni, siku hiyo hiyo ya kurudisha vifaa, hata kama tunaachana kwa amani na hata kama nina saa mia tatu tu. Anayekaa muda mrefu kwenye kampuni moja aombe kila mwaka. Masta naye ni binadamu: hufa, huhama, hugombana na mkandarasi, na leseni yake inaweza kusimamishwa.

Zaidi ya fomu, weka daftari. Andika tarehe, anwani ya kazi, aina ya kazi (kuvuta nyaya, kukunja paipu, kufunga paneli), saa na jina la aliyekusimamia. Weka hati za mshahara na zile fomu za W-2 za kila mwaka, ambazo mwajiri huonyesha mshahara wako na kodi aliyokata. Mwajiri akikwambia atakulipa kwa 1099, ambayo ni fomu ya mtu anayehesabiwa kuwa na biashara yake, shtuka. Mwanagenzi hana ruhusa ya kuwa na biashara ya umeme, kwa hiyo karatasi hiyo inasema jambo ambalo leseni yako inalikanusha, mbali na kwamba itakuachia mzigo wote wa kodi na kukunyima bima ukianguka kwenye ngazi.

Siku unayohojiwa kwa kazi, muulize mwajiri ni nani masta wa kampuni, na kama hutia sahihi saa za wanagenzi wake wanapoondoka. Swali hilo litakuonyesha kampuni kuliko matangazo yake yote. Jina la masta na la mkandarasi unaweza kulitafuta kwenye ukurasa wa TDLR, ukaona kama leseni iko hai na lini inakwisha.

Mambo ambayo mkono wa nyumbani utakosea

Fundi aliyezoea umeme wa Afrika Mashariki anajua umeme, na hilo ndilo hatari yake, maana mkono wake utafanya mambo kabla kichwa hakijafikiri. La kwanza ni rangi. Katika nyaya za zamani za nyumbani, zilizofuata mtindo wa Uingereza, nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni nyutro. Huku nyeusi ni waya wa moto. Nyutro ni nyeupe au kijivu, na waya wa ardhi ni kijani au shaba tupu bila ganda. Mtu aliyeshika nyeusi kwa miaka ishirini kama nyutro anahitaji kujifunza upya kuiogopa. Hata aliyezoea mtindo mpya wa kahawia na buluu asijione salama, kwa sababu hapa buluu ni kawaida kuwa waya wa moto wa fezi mojawapo kwenye majengo ya biashara.

La pili ni volti. Nyumba ya Marekani hupokea nyaya mbili za moto na nyutro kutoka kwenye transfoma: kati ya moto mmoja na nyutro ni volti 120, na kati ya moto na moto ni 240, kwa mizunguko 60 kwa sekunde badala ya 50. Soketi za kawaida hutumia 120. Jiko, kikaushio cha nguo na kiyoyozi kikubwa hutumia 240. Kwa kuwa volti imekuwa nusu, ampea zimekuwa maradufu kwa kazi ile ile, na ndiyo sababu nyaya ni nene kuliko ulivyozoea. Vipimo navyo si milimita za mraba bali namba, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene: namba 14 kwa breka ya ampea 15, namba 12 kwa ampea 20, namba 10 kwa ampea 30. Namba 12 ni takriban milimita za mraba 3.3. Ule mzunguko wa soketi unaotoka kwenye breka na kurudi kwenye breka hiyo hiyo, uliouzoea kwenye nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, hapa usahau.

Nyumba zenyewe ni za mbao. Nyumbani tunachimba ukuta wa tofali, tunazika paipu, tunapiga plasta, kisha tunavuta nyaya. Hapa unatoboa mihimili, unapitisha kebo yenye ganda la plastiki na kuibana kwa pini kila baada ya umbali usiozidi futi 4½, kabla ya ukuta kufunikwa kwa mbao za jasi. Mkaguzi wa jiji huja wakati ukuta uko wazi. Akikuta umefunika kabla hajaona, utabomoa.

Nyutro na waya wa ardhi huunganishwa mahali pamoja tu, kwenye swichi kuu ya kuingilia umeme. Kwenye paneli ndogo zinazofuata hukaa mbali mbali, kila moja kwenye baa yake. Wakaguzi hulitazama jambo hili kabla ya mengine, na nimeona mafundi wazuri wakilikosea kwa mazoea. Tofauti nyingine ni kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kile cha nyumbani, tunachokiita RCD, kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30. Cha Marekani, GFCI, hukata kati ya miliampea 4 na 6, na hutakiwa bafuni, jikoni, gereji, nje na sehemu nyingine zenye maji. Kikikatika ovyo usikibadilishe na soketi ya kawaida ili mteja anyamaze, tafuta uvujaji.

Mtihani

Mwombaji wa leseni ya jenimani anaweza kufanya mtihani akiwa amefikisha saa 7,000, ingawa leseni haitoki mpaka zitimie 8,000. Itumie nafasi hiyo. Wapo wanaosubiri zitimie zote, kisha wakishindwa mara ya kwanza wanakaa miezi na mshahara wa mwanagenzi bila sababu. Unapeleka maombi TDLR pamoja na ada ya dola 30 na fomu zako za uzoefu (unaona sasa kwa nini nilianza nazo), na ukikubaliwa unapanga siku na kampuni ya mitihani ya PSI, yenye vituo katika miji mikubwa. Maombi hayakai hai milele. Lenga kumaliza kila kitu ndani ya mwaka mmoja. Alama ya kupita ni asilimia 70.

Utafanya mtihani kwa Kiingereza, ukiwa na kitabu cha kanuni. Kitabu hicho ni Kanuni ya Taifa ya Umeme, NEC, kinachotolewa na shirika la kuzuia moto la NFPA. Kilianza mwaka 1897 na hurekebishwa kila miaka mitatu. Texas ilianza kutumia toleo la 2023 tarehe 1 Septemba 2023, na kabla hujanunua chochote hakikisha mtihani wako unafuata toleo gani. NFPA huruhusu kukisoma bure mtandaoni ukijiandikisha, lakini kwa kujifunzia nunua cha karatasi, kwa sababu utakachohitaji chumbani ni vidole vinavyojua njia. Kuruhusiwa kitabu kumewaponza wengi, maana mtu anafikiri atatafuta kila jibu, na muda unakwisha akiwa katikati.

Jifunze ramani ya kitabu kabla ya maneno yake. Sura ya 1 hadi ya 4 ni za kila mahali. Ya 5 hadi ya 7 ni za mahali na vifaa maalumu, nazo hubadilisha yaliyosemwa mwanzo. Ya 9 ni majedwali. Kifungu cha 210 ni cha mizunguko ya matawi, 220 hesabu za mzigo, 230 kuingiza umeme nyumbani, 250 uunganishaji wa ardhi, 310 nyaya, 314 masanduku, 430 mota, 680 mabwawa ya kuogelea, 690 umeme wa jua. Msomaji wa Kiswahili ana tatizo moja la ziada: kitabu hiki kinatofautisha maneno ambayo sisi tunayatafsiri kwa neno moja. Waya uliounganishwa na ardhi kama nyutro na waya wa kulinda kwa ardhi yana majina ya Kiingereza yanayokaribiana mno, tofauti ikiwa ni herufi chache, na jibu zima linaweza kusimama juu ya tofauti hiyo. Anza na kifungu cha 100, cha maana za maneno, na ukisome mpaka kikuchoshe.

Hesabu ndizo zinazoangusha watu, kwa hiyo nitoe mbili. Chukua sanduku moja la soketi linaloingiwa na kebo mbili, kila moja ikiwa na nyaya mbili za namba 12 na waya wa ardhi. Kila waya wa namba 12 huhesabiwa inchi za ujazo 2.25. Nyaya nne za moto na nyutro zinafanya 9. Nyaya zote za ardhi pamoja zinahesabiwa kama moja, 2.25. Vibano vya ndani ya sanduku ni moja tena, 2.25. Soketi yenyewe huhesabiwa kama nyaya mbili, 4.5. Jumla ni 18, nawe unahitaji sanduku lisilo chini ya hapo. Anayesahau vibano anapata 15.75, na jibu hilo utalikuta limekusubiri kwenye karatasi kama mtego.

Ya pili ni mzigo wa nyumba ya futi za mraba 2,000. Kwa toleo la 2023, taa na soketi za jumla huhesabiwa voltiampea 3 kwa kila futi ya mraba: 6,000. Mizunguko miwili ya vifaa vidogo vya jikoni, 1,500 kila mmoja, ni 3,000. Wa kufulia ni 1,500. Jumla 10,500. Hatuchukui zote, kwa sababu hakuna nyumba inayowasha kila kitu kwa pamoja: 3,000 za kwanza zinahesabiwa kamili, na 7,500 zilizobaki kwa asilimia 35, yaani 2,625. Tunabaki na 5,625. Ongeza kikaushio cha umeme, kisichohesabiwa chini ya 5,000, na jiko moja lisilozidi kilowati 12, ambalo jedwali hulihesabu kama 8,000. Tumefika 18,625; gawanya kwa 240, unapata ampea 77 na ushee, kabla ya kiyoyozi, na Texas hakuna nyumba bila kiyoyozi. Fanya hesabu ya namna hii mara thelathini kwa nyumba tofauti mpaka mkono uende wenyewe. Kisha ingia kwenye mota, ambako waya wa mota moja hupimwa kwa asilimia 125 ya ampea zilizoko kwenye jedwali, si zilizoandikwa kwenye bati la mota. Hapo pana mtego mwingine.

Ukishindwa, karatasi ya matokeo itakuonyesha sehemu ulizodhoofika. Rudi kwenye hizo tu.

Kuwa na leseni na kutoipoteza

Leseni ya jenimani inakuruhusu kufanya kazi ya umeme kwa niaba ya mkandarasi mwenye leseni. Haikuruhusu kuchukua kazi ya jirani Jumamosi na kulipwa mfukoni. Sentensi hiyo isome mara mbili, kwa sababu katika jumuiya zetu fundi hajui kusema hapana: mama kanisani ana soketi inayotoa cheche, mzee msikitini anataka feni ya dari, na wote wanakuita mwanangu. Sheria ya Texas inamruhusu mwenye nyumba kufanya kazi ya umeme katika nyumba anayoishi mwenyewe, jiji likibaki na haki ya kudai kibali, lakini ruhusa hiyo ni yake, haikuhusu wewe uliyeitwa kumsaidia. Hata masta hawezi kuuza huduma kwa umma bila leseni ya mkandarasi. Faini za kiutawala zinaweza kufika dola 5,000 kwa kosa kwa siku, na leseni uliyoitafuta kwa miaka inaweza kusimamishwa. Jibu la heshima ninalolitumia ni kumwambia mzee huyo kwamba kampuni yangu itakuja, nami nitaomba nitumwe mimi.

Leseni hudumu mwaka mmoja. Kila mwaka, kabla ya kuihuisha, jenimani na masta wanatakiwa kumaliza saa 4 za masomo ya kujiendeleza, yanayogusa kanuni ya NEC, sheria na taratibu za Texas, na usalama kazini kwa mujibu wa kiwango cha NFPA 70E. Mwanagenzi naye hudaiwa saa hizo, isipokuwa akiwa kwenye programu rasmi ya mafunzo iliyosajiliwa. Chagua mtoaji aliyeidhinishwa na TDLR, kwa kuwa ndiye anayepeleka taarifa zako kwenye idara. Cheti cha mtu asiyeidhinishwa hakina kazi. Usisubiri wiki ya mwisho. Mimi husoma miezi miwili kabla, nikaangalia baada ya wiki kama saa zimeonekana, na hapo ndipo nalipa. Ada ya kuhuisha ni dola 30 kwa jenimani na 45 kwa masta, nafuu kuliko buti.

Leseni ikipita tarehe, siku hiyo hiyo huna ruhusa ya kufanya kazi, hata kama barua pepe ya kukumbusha ilikwenda kwenye anwani yako ya zamani. Kubadilisha anwani ni jukumu lako, na watu wetu huhama sana. Ndani ya siku 90 utalipa ada moja na nusu. Baada ya hapo, mpaka miezi 18, utalipa ada maradufu. Kuanzia miezi 18 hadi miaka mitatu utaomba kwa mkurugenzi wa idara, naye anaweza kukubali au kukataa. Ikipita miaka mitatu wewe ni mwombaji mpya na mtihani unakusubiri. Anayerudi nyumbani kuuguza mzazi au kujenga, na anajua atakaa mwaka, ahuishe leseni yake akiwa huko huko. Masomo yanapatikana mtandaoni na malipo pia.

Anayetaka kufungua biashara yake aende kwa mpangilio: apate leseni ya masta au aajiri masta, aombe leseni ya mkandarasi, na athibitishe bima ya dhima isiyopungua dola 300,000 kwa tukio moja na 600,000 kwa jumla. Gari la kazi liwe na jina la biashara na namba ya leseni pande zote mbili, na ankara zitaje namba hiyo na anwani ya TDLR ambako mteja anaweza kulalamika. Masta huandikishwa kwa mkandarasi mmoja kwa kawaida, kwa hiyo usikubali kumwazima rafiki jina lako ili kampuni yake ionekane ina masta wakati wewe hujawahi kufika kwenye saiti zake. Wiring yake ikiunguza nyumba, karatasi ya kwanza atakayoishika mchunguzi ni yenye namba yako.

Anayehamia jimbo jingine awasiliane na jimbo hilo kabla ya kufungasha. Kutambuliana hutegemea ngazi, na mara nyingi jimbo hutaka leseni iwe hai, ipatikane kwa mtihani na iwe imekaa kwa muda fulani. Omba pia TDLR uthibitisho wa historia ya leseni yako, na ulichukue lile daftari la saa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye lori.